Baada ya Mshale

Mzee aliutia ufito kati ya magego, akaubana. Alibana kidogo, akaachia, akausogeza nusu ya kidole, akabana tena. Ufito ulikuwa wa mkole, umemenywa ganda asubuhi ile na bado una ubichi ndani. Akautoa mdomoni, akaupitisha juu ya makaa huku akiuzungusha kwa vidole, kisha akauinua usawa wa jicho la kulia na kulifumba la kushoto. Palipobaki kupinda mimi sikupaona. Yeye alipaona. Akaurudisha kwenye magego.

Nilikaa pale tangu jua halijapanda hadi likawa utosini, na kwa muda wote huo alikuwa amenyoosha fito tatu. Hakuna hata mmoja uliokuwa mshale bado. Ulihitaji manyoya ya kanga au ya tumbusi, yapasuliwe katikati ya uti na kufungwa kwa ukano uliotafunwa mpaka ukalainika. Ulihitaji mfuo nyuma wa kukalia upote. Ulihitaji kichwa, na habari ya kichwa ni ndefu.

Nilifika Bonde la Yaeda siku mbili kabla, kwa gari kutoka mji wa Mbulu, tukashuka ukingo hadi Yaeda Chini, kisha kwa miguu. Ilikuwa mwishoni mwa Julai. Nyasi zilishakauka zikawa na rangi ya mgongo wa swala, mibuyu imepukutisha majani yote na matunda yake yananing'inia kama popo. Wanaolijua bonde waliniambia nisilete sukari wala mashati. Nikaleta kilo mbili za misumari ya inchi sita. Mzee alichukua mmoja, akaupima uzito kiganjani, akaulaza juu ya jiwe bapa na kuanza kuugonga. Hakuwasha moto. Chuma baridi, jiwe, na mkono unaojua kiasi cha nguvu, maana pigo moja likizidi ncha hupasuka na kazi yote imekwenda. Aliugeuza baada ya kila mapigo machache, akausugua, akaugonga tena, hadi msumari wa kupigilia paa ukawa jani jembamba la chuma lenye ndevu mbili zinazoelekea nyuma, zile zinazokizuia kigumba kisichomoke kikishaingia. Akauweka kando bila kuusifu, akachukua wa pili.

Sasa niseme kilichonipeleka.

Nilikulia upande wa Manyoni, mkoani Singida. Baba alikuwa na gobore lenye kibali na mbwa wawili wembamba, nami utotoni sikujua furaha kubwa kuliko kuguswa bega gizani na kuambiwa, "Vaa, twende." Nilijifunza kanga wanalala mti gani, nungunungu anachimbua wapi, digidigi anapitia njia ipi kila siku mpaka anaichora ardhini. Nilipokuwa na miaka 14 baba aliniachia nipige. Swala dume alisimama ubavu, kama hatua thelathini. Nilipiga, nikamwona akishtuka na kuruka, na palepale nikatimua mbio kumfuata huku nikipiga kelele za furaha, mbwa mbele yangu. Aliingia kwenye vichaka vya Itigi, vile ambavyo mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Alama zake zikachanganyika na zangu na za mbwa, na damu ikakoma.

Baba hakunigombeza. Aliniambia nirudi nyumbani na mbwa. Yeye alirudi siku ya pili jioni, mikono mitupu, akanawa, akala, hakusema neno. Ukimya ule niliubeba. Niliuelewa kuwa ni hasira, na niliona ninastahili, kwa sababu usiku nilimfikiria yule swala amelala mahali akiwa hai. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi na mshahara, nilikata leseni ya mwenyeji, nikaenda kuwinda na wenzangu kwa gari. Mwenzetu alishuka, akaegemeza bunduki, akapiga, mnyama akaanguka, tukapakia, tukarudi kula chakula cha mchana. Kila kitu kilikuwa halali na kila kitu kilikwenda sawa. Niliporudi mjini niliuza bunduki yangu. Sikuwa nimechukia, sikuona tu cha kupenda.

Kisha rafiki aliyewahi kufanya kazi Mbulu akanisimulia habari za Mhadzabe mmoja ambaye, kwa maneno yake, hapotezi mnyama aliyempiga. Maneno hayo hayakuniacha. Nikaomba njia ya kumfikia, nikaomba ruhusa kwenye ofisi ya kijiji, nikaenda.

Wahadzabe hawafiki elfu mbili, na wanaoishi hasa kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali ni sehemu tu ya hao. Wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na lugha yao, yenye vile vidoko vinavyopigwa kwa ulimi, haina ndugu aliyethibitishwa popote duniani. Mwaka 2011 jamii ya Yaeda ilipata hati ya kimila ya ardhi yake, na hilo limesaidia kulizuia bonde lisigeuke lote mashamba na malisho. Mimi sikubeba upinde wala chochote cha kuulia. Sheria inanitaka leseni. Wao wameachiwa wawinde kitoweo chao. Nilikwenda kutazama, na mzee alinikubali kwa sharti moja alilolisema huku akitazama buti zangu: "Bwana, hizo zinaongea sana."

Nilizivua. Kijana wa pale, mpwa wake, akanipa katambuga zake za akiba.

Kuhusu upinde wenyewe. Ulikuwa karibu kimo cha mzee, mnene katikati kuliko nilivyodhani, umefungwa vipande vya ngozi ya wanyama uliowahi kuwapiga, na upote wake ni wa ukano uliosokotwa. Niliujaribu. Mimi si mtu dhaifu, lakini niliuvuta hadi karibu na kifua mikono ikaanza kutetemeka, nikaurudisha taratibu. Mzee aliuchukua akauvuta hadi sikioni, akaushikilia hapo akiwa anamsemesha kijana jambo jingine kabisa, kisha akaulegeza. Pwani tunamkumbuka Fumo Liyongo, mpiga upinde ambaye adui zake walipomtegea apande mkoma wamfume akiwa juu, aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Na ambaye alipokufa alikufa kapiga goti kisimani, upinde umetegwa, watu wasithubutu kuchota maji kwa kumwogopa maiti. Nimeusikia utenzi wake tangu shuleni. Sikuwahi kufikiria uzito wa upinde wenyewe mpaka nilipoushika ule wa Yaeda.

Siku ya kwanza tulitoka kabla ya alfajiri, watu watatu. Mzee hakutembea haraka. Nilijiambia nitamudu. Baada ya saa mbili nilielewa kwamba mwendo ule haupungui: haupungui kwenye kilima, haupungui kwenye mawe, haupungui kwenye mikonge mwitu inayochoma miguu. Migunga ilinishika shati kila hatua; yeye alipita kwenye miiba hiyohiyo akigeuza bega moja, kisha jingine, kama mtu anayepenya katikati ya watu sokoni bila kumgusa mtu. Kila baada ya muda alichukua vumbi kidogo na kuliachia kutoka usawa wa kifua. Nilidhani ni mazoea. Mchana tulimwona tandala dume mwenye pembe za mizunguko miwili na nusu, kavuka korongo na kusimama. Mzee alivua katambuga, akaanza kumnyatia kwa magoti na viganja, na nilihesabu dakika arobaini ambazo alisogea labda hatua ishirini. Kisha akainuka wima, akarudi, akavaa. Akachukua vumbi, akaliachia. Lilielekea kwa tandala. Nilipotazama tena ng'ambo ya korongo palikuwa patupu.

Hakukunja uso. Hilo lilinishangaza kuliko kunyata kwenyewe.

Siku ya pili hatukuona mnyama wa kupiga, lakini tulikula asali. Mlembe alikuja mwenyewe, ndege mdogo wa kijivu asiye na uzuri wowote wa kuvutia macho, akakaa kwenye tawi na kulia ule mlio wake kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya kasha. Mzee alimjibu kwa mluzi unaopanda na kushuka. Ndege akaruka mti mmoja mbele, akatungoja. Tulikwenda hivyo, mluzi na mlio, hadi kwenye mbuyu ambao mimi ningeupita mara mia. Kijana alipigilia vigingi shinani, akapanda navyo akiwa na kijinga cha moshi, na baada ya muda tulikuwa tumekaa chini na masega mikononi, yenye ana na yote, tukila kimya. Mtafiti Brian Wood na wenzake, waliofuatana na Wahadzabe kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2014 kwamba mlembe akiwepo kasi ya kupata mizinga huongezeka zaidi ya mara tano. Na mwaka 2023 yeye na mwenzake Claire Spottiswoode walionyesha jambo ambalo kwangu ni zuri zaidi: katika vilima vya Kidero, upande huu wa Eyasi, ndege huitikia mluzi wa Kihadza mara tatu zaidi ya wito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji, na kule Niassa huitikia zaidi wito wa Wayao. Ndege wa kila mahali wamejifunza lugha ya watu wa hapo. Nilimtazama yule wa kwetu akiwa juu ya tawi, anasubiri. Mzee aliokota vipande vyote vya nta vilivyobaki akavitupa motoni. "Akishiba hatatuita kesho," alisema. Nilimwonea huruma ndege, lakini sikusema.

Siku ya tatu mzee alimrushia digidigi mshale usio na sumu, akamkosa kwa unene wa kidole. Tulitumia karibu saa nzima kuutafuta ule mshale kwenye majani. Nilikuwa nimechoka na kiu imenikamata, na nilitaka kusema kwamba ni kijiti, vipo vingine. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kijiti hicho kilivyozaliwa kwenye magego na makaa. Nikainama nikatafuta. Kijana ndiye aliyeupata, umejichomeka chini ya kisiki, unyoya mmoja umelegea. Mzee aliulamba ukano na kuukaza palepale.

Miaka ya themanini watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe wakihesabu siku za wawindaji na wanyama wakubwa walioletwa kambini. Walipata mnyama mmoja mkubwa kwa takriban kila siku thelathini za mwindaji mmoja. Nilikuwa nimeisoma hesabu hiyo Dar es Salaam, nikaipita kama mtu anavyopita tarakimu. Pale Yaeda, jioni ya siku ya tatu, miguu ikiwa imevimba, niliielewa: watu hawa ni mafundi wa kazi ambayo siku nyingi haikupi kitu, na bado ufito hunyooshwa kana kwamba kesho ndiyo siku yenyewe. Usiku wanaume walicheza lukuchuko, ule mchezo wa kurusha vipande vya magome na kubashiri vitakavyoangukia, na mishale ikahama kutoka mkono huu kwenda ule. Mzee alipoteza miwili kati ya ile mitatu. Alicheka kwa sauti.

Mshale wa sumu hauchezewi karibu na watoto. Huviringwa ukanda wa ngozi kuanzia kigumba mpaka chini kidogo, ili sumu isikauke na isimguse mtu. Sumu hiyo hutoka kwenye utomvu wa waridi la jangwa, ua lilelile ambalo mijini tunalinunua likiwa limepandwa kwenye kopo na kuliweka barazani. Utomvu huchemshwa polepole hadi uwe mweusi na mzito kama lami, kisha hupakwa kwenye chuma ungali na joto. Ipo na nyingine ya mbegu za strofanto. Hiyo ya pili ina historia inayoufikia hata mji wa Zanzibar: John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza kule, alikuwa daktari wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na siku moja akatumia mswaki uliokaa mfukoni pamoja na sumu ya mishale. Akahisi mapigo ya moyo wake yanabadilika. Kutokana na sumu hiyo profesa Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya moyo. Ujuzi wa mwindaji ulifika hospitalini kabla hospitali haijamfikia mwindaji. Sumu zote mbili hufanya kazi hiyo moja, kuushika moyo, na ndiyo maana nyama huliwa bila hofu baada ya kuondoa ile iliyozunguka jeraha: ukila, tumbo haliipitishi sumu kama damu inavyoibeba.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, kundi la swala pala lilikuwa linarudi kutoka kunywa. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya kichaka tangu saa nane. Sitii chumvi: tangu saa nane. Kijana na mimi tulikuwa mbali kidogo, juu ya mwamba, tumelala kifudifudi. Nilimwona akifungua ule ukanda wa ngozi bila kuutazama, macho yake kwenye njia. Majike yalipita. Hakusogea. Dume mdogo akapita. Hakusogea. Dume wa nyuma aliposimama kujikuna kwa kwato, upinde ulikuwa umekwisha kuvutwa, sikuona ulipoanza. Sauti ya upote ilinifikia kama mtu anayekung'uta nguo mara moja. Swala akaruka, kundi zima likaruka, vumbi, kisha hakuna.

Misuli ya mapaja yangu ilikaza. Baada ya miaka arobaini na kitu mwili wangu bado ulitaka kukimbia.

Mzee alikaa chini. Aliweka upinde juu ya mapaja, akatoa kiko chake cha jiwe, akakijaza. Tulishuka tukamfikia, nikategemea ataonyesha upande walikokimbilia, atainuka, atasema jambo. Alivuta. Jua lilikuwa linaingia kwenye ukingo wa bonde na hewa ikaanza kupoa. Nikamwuliza kama amempata. Akagusa ubavu wake mwenyewe, chini kidogo ya kwapa, na kuinua kidole kimoja: subiri. Kwa sababu kulikuwa kimya, na kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, nikamsimulia habari za swala wa Manyoni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Nilifurahi."

Alitafakari kidogo. "Ungekaa, angelala karibu," alisema. "Swala akichomwa hajui kimemchoma nini. Anakwenda kidogo, anasimama, anatazama nyuma. Asipoona mtu, analala. Wewe ulimwonyesha mtu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia uliyoipotea, na akagonga kiko kwenye jiwe.

Tulirudi kambini gizani. Hakumwambia mtu. Alikaa kwenye nafasi yake motoni, akapewa mizizi ya kuchoma, akala. Watu walimtazama mikono, wakamtazama miguu, hawakuuliza. Baada ya muda mrefu, mazungumzo yakiwa yamehamia kwingine, alisema maneno machache kwa Kihadza bila kuinua sauti, na wanaume wawili wakaacha kuongea. Kijana akanitafsiria: "Amesema kesho huenda tukaangalia upande wa mawe."

Sikulala vizuri. Fisi walilia mara mbili.

Asubuhi tulikuwa watano. Kazi niliyoiona siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa utulivu kuliko yote, maana kupiga mshale nilikwisha kukutegemea, hii sikuitegemea. Pale kichakani mzee alianza na kundi. Swala thelathini hivi walikuwa wamekimbia kwa pamoja, na ardhi ilikuwa imekanyagwa kama uwanja wa mnada. Alitembea kando ya fujo ile, nje yake kabisa, nyayo zikiwa kati yake na jua, ili kila unyayo uwe na kivuli chake. Hakuinama kutafuta damu. Nilikuwa natafuta damu mimi, na niliipata, tone moja kwenye jani, nikamwita kwa furaha. Alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Nilikuja kuelewa alichokuwa anatafuta: mahali ambapo mmoja anawaacha wenzake. Mnyama aliyejeruhiwa hawezi kulifuata kundi. Ataling'ang'ania kadiri atakavyoweza, kisha atachepuka. Kati ya nyayo thelathini zinazokwenda mashariki, kuna jozi moja itakayogeuka. Ukiikosa hapo, umemkosa.

Aliipata baada ya mwendo wa kama kilomita moja, chini ya mgunga. Aliniita nione. Kwato za mbele zilikuwa zimepanuka kuliko kawaida, ncha zake zimeachana, na nyuma ya ule wa kushoto palikuwa na mkwaruzo mwembamba, urefu wa kijiti cha kiberiti, ambako mguu ulikuwa umeburutwa kabla ya kuinuliwa. Wengine wote walikuwa wamekanyaga wakainua. Huyu alikuwa amechoka. Mzee aligusa ukingo wa unyayo kwa ukucha. Mchanga ulikuwa umekwisha kumomonyoka ndani kwa upepo wa usiku, na sisimizi alikuwa amepita akaacha mstari wake juu yake. "Jana," alisema, "kabla ya giza."

Kisha tukafika kwenye mwamba na nyayo zikaisha.

Hapa ndipo mtu hukisia. Ningekisia mimi, mteremko uko kule, kivuli kiko kule, lazima amekwenda kule. Mzee alivunja kijiti, akakichomeka kwenye unyayo wa mwisho, akamwambia kijana asimame hapo asisogee. Kutoka kwenye kijiti kile alianza kuzunguka mwamba, taratibu, macho yakiwa hatua tatu mbele ya miguu. Alizunguka wote akarudi kwenye kijiti, mikono mitupu. Akazunguka tena, duara pana zaidi. Jua lilipanda. Akarudi kwenye kijiti. Wakati anaanza duara la tatu, nikiwa nimekaa na usingizi unakaribia, niliona mgongo wake na mgongo wa baba yangu ukawa kitu kimoja machoni pangu: mtu mzima ameinama peke yake katika vichaka vya Itigi, siku mbili, anarudi kila mara kwenye alama ya mwisho ambayo mimi na mbwa hatukuivuruga. Hakuwa amenikasirikia. Alirudi akiwa amechoka, na hakuwa na la kusema kwa sababu hakumpata. Nilikuwa nimemwekea baba hasira ambayo hakuwa nayo, na nikaikimbia kwa miaka yote hiyo.

Niliinuka, nikaenda kusimama kwenye kijiti, nikamwachia kijana akamsaidie mjomba wake.

Duara la tatu liliwapa jani la mkole lililopinduka, upande wake mweupe juu. Chini yake doa jeusi kavu, na sisimizi wanaliramba. Kutoka hapo palikuwa na nusu ya mshale, imevunjika kwenye kichaka, manyoya ya kanga bado yamekaa sawasawa. Mzee aliiokota, akaipuliza vumbi, akaishika pamoja na upinde. Hatua mia mbili zaidi, kwenye kivuli cha mbuyu ulioanguka, swala alikuwa amelala miguu imekunjwa chini yake kama mnyama anayepumzika. Bweha alikuwa ameanza kwenye sikio moja tu. Hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amelala, kama mzee alivyosema, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mtu.

Kihadza kina jambo ambalo sijalikuta katika lugha nyingine ninayoijua: mnyama mkubwa ana jina akiwa hai na ana jina jingine akishaanguka, jina la kutangaza kwamba amepatikana. Punda milia porini ni dongoko. Akilala chini ni hantayii. Siku nne nilikuwa nimemsikia mzee akilitaja lile jina la kwanza la swala mara nyingi, kwa mnong'ono. Sasa alisimama mbele yake, akaweka upinde chini, akatamka jina la pili. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na wale wengine wakalirudia.

Kijana alipekecha moto kwa vijiti viwili hadi moshi ukatoka, akaupuliza kwenye majani makavu. Nyama iliyozunguka kigumba ilikatwa na kutupwa mbali. Ini lilichomwa juu ya makaa, nikapewa kipande cha kwanza kabla ya mzee kujitwalia chake, na nilikula nikiwa nimekaa chini, majivu na yote. Kisha tulibeba. Mguu wa nyuma niliuchukua mimi, na mlima wa kurudi ulikuwa uleule, na mwendo wa mzee haukupungua.

Jioni alikaa mahali pake. Alikuwa amekisuuza kigumba na kukiweka karibu na moto kikauke, ile nusu ya mshale uliovunjika kando yake. Akachagua ufito mpya wa mkole kwenye fungu, akaumenya ganda, akautazama, akanipa. Niliupasha kwenye makaa nikiuzungusha kama nilivyoona. Niliutia kwenye magego nikabana. Una ladha chungu kidogo, kama chai iliyolala. Nikauinua kwenye jicho la kulia, nikafumba la kushoto, nikaona umenyooka, nikampa.

Aliutazama kwa urefu wake wote. Akaugeuza. Akaweka ukucha wa kidole gumba mahali pamoja, karibu na katikati, akanirudishia.